Mwalimu wa Taaluma na Watoto wa Ng'ambo ya Ruvuma

Hakuwa mtu wa kupendwa siku ya kwanza. Mimi nilimchukia muhula mzima. Nilifika shuleni kwake, hapa Songea mjini, msichana nikitokea chuo cha ualimu na sanduku langu la bati, nikamkuta amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, kipande cha chaki kimechomekwa nyuma ya sikio kama penseli ya seremala. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Mbinga, kwetu milimani tunakolima mashimo ya ngoro.

"Haya, Mmatengo," akasema. "Huku hatulimi ngoro, huku tunalima vichwa. Darasa la tano linakusubiri tangu Januari."

Hakunionyesha hata pa kuweka sanduku. Niliingia nalo darasani, nikalikalia kipindi kizima kwa sababu kiti hakikuwepo.

Cheo chake kilikuwa mwalimu wa taaluma, yaani yule anayeshughulikia ratiba, mitihani, uandikishaji wa wanafunzi na ugomvi wote unaotokana na hayo. Walimu wakuu walikuja na kuhamishwa, yeye alibaki. Wanafunzi walimwita Taaluma, wazazi walimwita Taaluma, na hata mkewe ukimpitia nyumbani alikujibu kwamba Taaluma bado hajarudi. Nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake analo mwenyewe, na jinsi ninavyomjua asingependa niligawe ovyo.

Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na kaunda suti ya kijivu iliyokuwa imepauka mabegani. Baridi ya Juni ikiingia, ile ya kutoka milima ya Matogoro inayokukuta mpaka kwenye mifupa, aliongeza sweta la mitumba lenye picha ya mtu anayeteleza kwenye barafu, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kucheka. Chai alikunywa ya rangi, bila sukari. Miaka hiyo bidhaa zilikuwa zimerudi madukani, sukari ilikuwa tele kwa mwenye nacho, lakini yeye alisema alijifunza kunywa hivyo wakati wa foleni na hana muda wa kujifunza upya.

Ruksa ya kila mtu kufanya biashara ilipoingia nchini iliingia na shuleni pia. Mshahara haukufika katikati ya mwezi, kwa hiyo kila mwalimu alitafuta mahali pa kushika. Mmoja aliuza maandazi, mwingine barafu za rangi, na wengi wetu tulifungua twisheni, tukiwafundisha wanafunzi jioni kwa pesa mambo yaleyale ambayo tungewafundisha asubuhi bila pesa. Taaluma hakutusema. Alikuwa na watoto saba na alijua bei ya unga. Lakini yeye jioni zake alizitumia stoo.

Stoo ile ilikuwa ya majembe na makopo ya kumwagilia maji. Aliyasogeza upande mmoja, akaegemeza ubao uliovunjika kona, na humo akawafundisha watoto wa ng'ambo. Nani asiyejua habari zao? Vita vya Msumbiji viliwavusha watu Ruvuma kwa makundi, wengine wakapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi, wengine wakapita kimya kimya mpaka mjini, wakatafuta vibarua vya tumbaku Namtumbo au vya kupalilia mahindi ya watu. Watoto wao walijua Kiyao, au Kimakua, na Kireno kidogo cha darasani. Kiswahili walikuwa wanakiokota njiani.

Desturi ya shule nyingi, pale walipopokelewa, ilikuwa kuwatupa darasa la kwanza. Mtoto wa miaka kumi na mitatu unamkuta amekunja magoti katikati ya vitoto vinavyojifunza kushika penseli, na baada ya wiki mbili haji tena. Taaluma hilo lilimuumiza kuliko njaa. Aliwapima kwanza hesabu, akiwaandikia chini kwa kijiti, maana alisema kujumlisha hakuna lugha. Kisha aliwaweka stoo muhula mmoja, Kiswahili tu, asubuhi na jioni, na baada ya hapo aliwaingiza kwenye darasa la umri wao. Wengine walianguka. Wengi walisimama. Kila aliyeingia darasani kwangu alikuja naye mlangoni, akaniambia jina la mtoto, akaniambia nini anakijua, na hakuwahi hata siku moja kuniambia nini hakijui.

Watu walimuuliza sana kwa nini anahangaika. Mwalimu mkuu mmoja alimwambia waziwazi kwamba madawati hayatoshi wenyeji. Jibu lake lilikuwa lilelile, na alilitoa akiwa anafanya kitu kingine, anachonga penseli au anapanga madaftari: "Sisi Wangoni tulikuja hapa kwa miguu kutoka kusini huko. Nani alitupigia muhuri?" Mimi nilipenda kumkumbusha kwamba hawakuja kwa miguu tu, walikuja na mikuki pia, na Wamatengo tulikimbilia milimani kwa sababu yao. Hapo alicheka mpaka chaki ikaanguka. Alikuwa na meno mazuri na aliyaonyesha kwa nadra.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mkali kwa wageni wenyewe kuliko kwa wenyeji. Mama akichelewa kumleta mtoto, hata kama amechelewa kwa sababu alikuwa kibaruani, alikaripiwa mbele ya watu. Hakupenda waonewe huruma na hakuwa na huruma ya kuwagawia. Alihubiri Kiswahili shuleni kutwa nzima, halafu akijigonga kidole alitukana kwa Kingoni cha vijijini kabisa. Alichukia rushwa, lakini ukimletea jogoo baada ya mambo kwisha alimpokea kwa mikono miwili na kukuuliza kama huna mwingine. Na watoto wake hawakufaidi. Binti yake mkubwa aliniambia siku moja, tukichambua mboga ya likolo jikoni kwao, kwamba baba angekuwa mzazi wao kama wangetoka ng'ambo ya mto. Alisema akitabasamu, ila hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

Alikuwa na namna yake ya kudai haki ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Hakuwa mwanasheria na hakujifanya. Alikuwa amemuuliza hakimu mmoja jirani yake, akaambiwa sheria ya elimu inataka kila mtoto aliyefika umri apelekwe shule ya msingi, na kwa kuwa haikuuliza ni mtoto wa nani, yeye aliona inatosha. Penye utata alikwenda kuuliza. Na kuuliza kwake ni kwamba alipanda baiskeli na furushi la madaftari kwenye mfuko wa mbolea, mtoto mwenyewe amekaa kwenye keria, akaingia ofisini, akasema shida yake kwa adabu, na akiambiwa asubiri alisubiri. Alikaa kwenye benchi la nje, akatoa madaftari, akasahihisha. Mtoto naye alifunguliwa kitabu, maana hakutaka akose vipindi kwa sababu ofisa ana kikao. Watu walikuja kufuata leseni zao na vibali vyao wakakuta somo la sehemu linaendelea kwenye korido. Ofisi ikifungwa aliaga kila mtu, akasema kesho. Na kesho alikuja. Hakukasirika, hakupandisha sauti. Nilifuatana naye mara kadhaa na ninakiri kwamba mimi ningemrushia mtu wino.

Na sasa nimfikie Deolinda, maana ndiye aliyenifanya nimjue mtu huyu alivyokuwa ndani.

Deolinda aliletwa shuleni na balozi wa nyumba kumi wa mtaa mmoja huko Lizaboni, mzee wa ukoo wa Mapunda. Wazazi wa msichana walikuwa wanaishi uani kwa mzee huyo tangu walipovuka, katika kibanda walichokijenga wenyewe. Makazi ya wakimbizi hawakuwahi kuyakanyaga. Sasa, Wangoni wana desturi yao ya siku nyingi. Mtu akija akakaa kwako, akala kwako, akalima nawe, unampa jina la ukoo wako na habari inaishia hapo. Wapo wengi hapa ambao mababu zao waliingia hivyo, na leo ndio wanaoongoza matambiko. Kwa balozi hilo halikuwa udanganyifu hata kidogo. Alikwenda shuleni, akamwandikisha mjukuu wake, Deolinda Mapunda, akarudi nyumbani ameridhika.

Wiki hiyo Taaluma alikuwa hospitali ya Peramiho, mkewe amelazwa, na mwalimu mwingine ndiye aliyeandikisha. Aliporudi aliuona uongo ule mara moja, akamfuata mzee, mzee akanuna, na yeye akaacha. Ndiyo mara pekee ninayoijua aliyoacha jambo kwa kuchoka. Baadaye alisema wazi mbele yetu kwamba lile lilikuwa kosa lake na si la mtu mwingine.

Mtoto alikuja kwangu darasa la tano. Alikuwa mwembamba, mwenye kigugumizi kidogo kilichopotea kila alipohesabu. Alihesabu kwa Kireno, kimya kimya, midomo ikicheza, kisha akatoa jibu kwa Kiswahili kabla wenzake hawajamaliza kunakili swali. Alikuwa mgomvi pia. Alimpiga mvulana mmoja kwa mpini wa jembe kwa sababu alimwita mama yake mkimbizi, nami nikamchapa, naye akapokea fimbo bila neno na akarudi kukaa.

Alipofika darasa la saba ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba atashika nafasi ya kwanza au ya pili. Nafasi za sekondari za serikali kwa shule yetu zilikuwa za kugombewa, hasa za wasichana. Ndipo akaja mzazi mmoja mwenye duka Majengo, ambaye binti yake alikuwa darasa hilohilo. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa kitini, akavua kofia, akasema hana kinyongo na mtoto wa mtu, lakini yule si Mapunda, ni mgeni, na mgeni akichukua nafasi ya mwenyeji kwa jina la uongo yeye atakwenda kusema panapohusika.

Mwalimu mkuu alituita. Alikuwa na suluhisho tayari: balozi aandike tena kwamba ni mjukuu wake, apige na muhuri, kwisha kazi. Nani atapinga maneno ya balozi? Wote tuliafiki, na mimi nilikuwa wa kwanza kuafiki. Usajili wa mtihani ulikuwa unakaribia kufungwa na hatukuona haja ya kuchokonoa nyoka shimoni. Taaluma alikuwa amekaa karibu na dirisha.

"Hapana," akasema. "Akifanya mtihani kwa jina la kuazima, atakayefaulu ni Mapunda. Yeye atakuwa hajafanya."

Mwalimu mkuu akamwambia kwamba akianza kusema ukweli sasa, mtoto anaweza asifanye mtihani kabisa, na wazazi wake wakarudishwa walikotoka. Taaluma akasema anajua. Akasema pia kwamba jina lile likiachwa, kila atakayemwonea wivu maisha yake yote atakuwa na fimbo ya kumpigia, shuleni, kazini, hata kwenye ndoa, na fimbo hiyo tutakuwa tumeichonga sisi. Kisha akaenda kumwita msichana, akamuuliza mbele yetu anataka kufanya mtihani kwa jina gani.

Deolinda alitutazama mmoja mmoja. "Nikitaja la baba, nitafanya?"

"Sijui," Taaluma akamjibu. "Nitakwenda kuuliza, na wewe utakwenda nami."

Sijawahi kumwona mtu mzima akimjibu mtoto hivyo. Wengi wetu tungemdanganya.

Jioni ile tulikwenda Lizaboni, yeye na mimi. Mama yake Deolinda alikuwa anatwanga. Aliposikia tulichojia aliweka mchi chini na kukaa hapohapo ardhini. Alizungumza Kiswahili chake cha kuokoteza, polepole, na kila neno lilimfikia Taaluma. "Mwalimu, tuachie jina. Sisi tumechoka kufukuzwa."

Taaluma alichuchumaa mbele yake mpaka wakawa sawa. "Mama, jina hilohilo ndilo litakalowafukuza. Leo ni mwenye duka. Kesho ni mwingine."

Hakumlazimisha. Alimwambia wao ndio waamue, yeye na mumewe, maana hatari ni yao na si ya mwalimu. Baba alikuwa Namtumbo kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Wakampelekea habari, akaja, wakakaa na kuzungumza, na hatukuambiwa walisema nini. Alikuja shuleni mwenyewe asubuhi, ana mwanya na mikono iliyoiva kwa utomvu wa tumbaku, akasema twendeni.

Kazi ngumu zaidi ikawa mzee balozi. Alikuwa ametukanwa, alivyoona yeye. Alimpa mtu jina lake, na mtu analirudisha? Tulikaa barazani kwake muda mrefu, yeye hasemi, mkewe ametuletea togwa na yeye hasemi. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa na nimelikazia macho togwa langu. Taaluma akasema, "Mzee, jina lako ni zuri. Ndiyo maana sitaki lishikwe polisi."

Mabega ya balozi yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake alivaa koti lake la sikukuu, akaandamana nasi kwenda kueleza kwa mdomo wake alichofanya na kwa nini.

Basi tukaanza kuzunguka. Ofisi ya kwanza, ya elimu, ilisema mtoto wa mgeni anahitaji barua ya wanaoshughulikia wakimbizi. Hao wakasema familia haipo kwenye orodha kwa kuwa haikuishi kwenye makazi, kwa hiyo hawaijui, labda uhamiaji. Uhamiaji ndiko nilikoogopa. Mama yake Deolinda alishika upindo wa kitenge chake njia nzima, na baba alitembea mbele kidogo ya sisi sote. Tulimkuta ofisa kijana, mpole, ambaye aliuliza kwa nini hawakuishi walikopangiwa.

"Walikuwa wanalima," Taaluma akasema.

"Mwalimu, nawauliza wao."

Baba akajibu mwenyewe. Alisema walipovuka walikuwa na mtoto mgonjwa, wakafuata hospitali, mtoto akafa, na baada ya hapo hawakuwa na nguvu ya kurudi nyuma. Sisi tulikuwa tumekaa nao miaka na hatukuijua habari hiyo. Balozi, ambaye walikuwa wanalala uani kwake, alivua kofia yake na hakuirudisha kichwani mpaka tulipotoka. Yule kijana aliandika, akauliza, akaandika tena. Aliwapa karatasi ya kuishi kwa muda, akawaambia wawe wanaripoti. Alimwangalia Deolinda, aliyekuwa amefungua kitabu cha jiografia kwenye benchi la korido, akasema mtoto asome, yeye hana sababu ya kumzuia.

Nilidhani tumemaliza. Wapi. Tulirudi ofisi ya kwanza, tukaambiwa mhusika amesafiri. Kesho yake yupo lakini ana wageni. Taaluma alisahihisha madaftari ya darasa zima la sita kwenye benchi lile, kisha akaniomba ya darasa langu. Deolinda alimaliza kitabu cha jiografia na kuanza upya. Siku ya mwisho mkuu wa ofisi alitoka mwenyewe, akasimama mbele ya benchi mikono kiunoni.

"Mwalimu, nikikukubalia huyu, utaacha kuja?"

"Kwa huyu, ndiyo," Taaluma akasema, akafunga kalamu.

Mkuu yule alicheka bila kutaka, na ndivyo Deolinda alivyosajiliwa kwa jina alilozaliwa nalo. Tulirudi shuleni kwa miguu, baiskeli inasukumwa, na mzee balozi alikuwa anamsimulia kila tuliyekutana naye kwamba yeye ndiye aliyeliharibu jambo na yeye ndiye aliyelitengeneza.

Alifanya mtihani. Alifaulu vizuri kuliko watoto wote wa shule yetu. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari za serikali yalipokuja, lake halikuwemo.

Hakuna aliyetueleza kwa nini, na pengine palikuwa na sababu ambayo mtu angeweza kuieleza. Ofisini kwetu maneno yalianza siku hiyohiyo: si tulisema, angebaki Mapunda sasa hivi angekuwa anafunga sanduku. Nilikuwa na hasira na Taaluma, hasira ya kweli, na nilimwambia. Nilimwambia kwamba amemtoa mtoto kafara kwa ajili ya ukaidi wake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Inawezekana." Kisha akaenda kumpa mkono binti wa mwenye duka, ambaye alichaguliwa, akamwambia amefanya vizuri na asiharibu huko aendako, na akarudi kuchukua baiskeli.

Shule za binafsi zilikuwa zinaanza kufunguliwa miaka hiyo, nyingine za wazazi, nyingine za mashirika ya dini. Alizizungukia zote alizoweza kuzifikia kwa baiskeli, matope ya Januari yamempaka mpaka kifuani. Moja ya masista ilikubali mtoto kwanza na kuzungumza karo baadaye. Wakakubaliana karo ilipwe kwa mahindi na maharage, mama akapewa kipande cha shamba la shule alime kwa nusu. Mzee balozi alipeleka gunia lake bila kuombwa. Alipoulizwa la nani, alisema la mjukuu wake, waandike jina wanalolitaka.

Akasoma. Kidato cha kwanza, kidato cha pili. Likizo alikuja stoo kumsaidia Taaluma, akiwafundisha watoto waliovuka baada yake, na kigugumizi kilikuwa kimekwisha kabisa. Mimi nilishaanza kumwona amekuwa daktari. Nilishaanza hata kujisifia.

Halafu amani ikatulia ng'ambo, na watu wakaanza kurudi. Baba yake alikuwa na wazazi wazee huko na ardhi ambayo ingechukuliwa asipoonekana. Wakaamua. Deolinda alikuja kutuaga amevaa sare yake ya sekondari, kwa sababu ndiyo nguo nzuri aliyokuwa nayo. Nililia. Taaluma alitoka darasani, mikono imejaa chaki, akamwambia akifika aulize shule iko wapi kabla hajauliza kisima kiko wapi. Msichana akasema ndiyo mwalimu. Akapiga goti, akaondoka, na Taaluma akarudi kumalizia kipindi chake. Hatukupata habari zake tena. Pale ofisini walitikisa vichwa, na mimi niliona tumelima shamba la watu wengine.

Miaka ilikwenda. Taaluma alistaafu, na mimi nikapewa shule yangu mwenyewe, pembeni ya mji, nikawa mwalimu mkuu mwenye funguo nyingi na usingizi kidogo. Nikasikia amelazwa Peramiho, amepasuliwa jicho. Nilipanda gari Jumamosi kwenda kumwona.

Nilimkuta amekaa kitandani, macho yote yamefungwa bendeji, amevaa lile sweta la mtu wa barafu. Nikasema shikamoo mwalimu. Akageuza sikio.

"Marahaba, Mmatengo. Umenenepa, nasikia kitanda kinalia."

Tuliongea habari za mahindi, za mbolea iliyopanda bei, za walimu wenzetu waliofariki. Nilimmenyea machungwa. Na kwa kuwa hakuwa ananiona, nilipata ujasiri wa kumuuliza nililolibeba muda wote. Nilimuuliza kama hakuwahi kuumia kuhusu Deolinda. Mabenchi yote yale, matope yote yale, mama kulima, halafu mtoto anaondoka na kidato cha pili hata cheti hana, na nchi yetu haikupata kitu.

Alitafuna chungwa lake taratibu, akatema mbegu kiganjani.

"Hatukumsomesha ili abaki," akasema. "Alikuwa hapa, alikuwa mtoto, akasoma. Ulitaka nini kingine?"

Akanyoosha mkono nikampa kipande kingine. Halafu akauliza, kwa sauti ileile aliyoniulizia natoka wapi siku ya kwanza, shule yangu mwaka huu imepokea wageni wangapi. Nikamweleza kwamba mambo yamebadilika, vita viliisha siku nyingi, siku hizi wanaokuja ni watu wa biashara ndogo ndogo na vibarua wanaopita. Shuleni kwangu, nikasema, hajaja hata mmoja.

"Wapo," akasema. "Hujawatafuta."

Nilitaka kubishana naye. Yeye alishageuza uso wake wenye bendeji kuelekea dirishani, akasema anataka kulala, na nisisahau kubeba maganda. Nilirudi Songea nimenuna njia nzima.

Jumatatu nilimwachia mwalimu wa zamu paredi, nikaenda nyumba kwa nyumba nikiuliza watoto wa wageni wasiosoma. Wa kwanza, msichana, nilimkuta nyuma ya mashine ya kusaga anapepeta pumba, wa pili na wa tatu walikuwa ndugu, wanachunga mbuzi wa mtu. Mama zao waliniogopa, wakadhani nimetumwa na uhamiaji. Ilichukua muda kuwaeleza. Mpaka saa nne asubuhi nilikuwa nateremka kuelekea shuleni na watoto watano nyuma yangu, kimya, wamepangana mstari bila kuambiwa. Karibu na lango yule msichana wa mashine aliniwahi, akanivuta gauni.

"Mwalimu," akasema, "tunaruhusiwa kweli?"

Nikamwambia ndiyo, nikafungua lango.